Muulize Mume Wangu

Mimi ni mke wa Baudouin. Ukibisha, nenda ofisi ya wakimbizi hapa Durban, wakufungulie kompyuta, utanikuta nimo humo na binti yangu Gracieuse, tumetulia chini ya jina lake. Kitandani kwake sijawahi kulala. Hilo kompyuta haiulizi.

Watu wa mtaa wetu wa South Beach wananiita roho mbaya kwa sababu ya mambo ya benki. Waseme. Wengi wao wamo kwenye mafaili ya watu wengine, na mlango ukigongwa asubuhi mapema wanatafuta karatasi kabla ya kutafuta viatu. Nawauliza swali moja tu na hakuna aliyewahi kunijibu: ungekuwa wewe, na mtoto ni wako, ungesema nini?

Sisi Wakongomani tuna desturi hii ya kuingia kwenye faili. Mtu anafika peke yake, amechoka, na maelezo yake ya vita hayana shahidi. Kwenye foleni anamkuta mtu wa kwao. Yule anasema dirishani: huyu ni mke wangu, au huyu ni mdogo wangu, na afisa anaandika. Hatuhesabu kama uongo. Tunaona ni sawa na kusogea kwenye benchi ili mwenzako naye apate pa kukaa.

Mwaka 2004 nilisimama kwenye foleni hiyo nikitoka Bukavu, Gracieuse mgongoni, anachemka kwa homa. Mwanaume wa mbele yangu, ndiye Baudouin, aligeuka. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, sijui alipigia wapi pasi mtu aliyelala kituo cha basi.

“Mama, ule mtoto iko na moto sana,” alisema. “Uko na bwana?”

“Sina.”

“Bon. Leo uko naye.”

Tulipofika dirishani akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya kusikika, bila kumeza mate: “Huyu ni mke wangu. Na huyu ni mtoto wetu.” Nilisikia. Nilisikia vizuri sana, na ukitaka kujua ugonjwa wangu ulianzia wapi, ulianzia pale.

Baada ya hapo kila mtu akaenda kwake. Yeye alipata kazi ya kutengeneza simu katika duka dogo karibu na ufukwe, mimi nikapata kiti saluni, barabara ya pili kutoka kwake. Watu wakamwita Papa Gracieuse, mimi Mama Gracieuse, na wengi wakadhani tumegombana tu, tutarudiana. Karatasi zikikaribia kuisha tulivaa nguo za kanisani tukaenda kuzirefusha pamoja, tumesimama bega kwa bega, Gracieuse katikati. Shuleni alitia sahihi yake. Jumapili nilimpelekea sombe, kisamvu cha kwetu, na fufu. Alikula, akasema asante Mama Gracieuse, akanirudishia bakuli limeoshwa. Hakuwahi hata kuniwekea mkono begani. Alikuwa na heshima, basi nikawa narudi nyumbani kila Jumapili na bakuli safi na hasira.

Ndipo akaja Nok.

Alikuwa Mthai. Alifanya kazi katika nyumba ya kuchua watu viungo kule Morningside, nyumba nzuri yenye chemchemi ndogo mlangoni, wanakoenda wake za mawakili wakiumwa shingo. Simu yake ilivunjika kioo, akaileta dukani kwa Baudouin. Simu ikapona. Wiki iliyofuata ikavunjika tena. Mimi niliwaambia wenzangu saluni: hiyo simu inaangushwa.

Alikuwa mdogo wa umbo, anatembea kama anaogopa kuamsha mtu, na akikusalimu anaunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Saluni tulimjibu hivyo hivyo, sote kwa pamoja, tukifumba macho kama tunaombewa, halafu tunacheka. Nilikuwa naongoza mimi. Yeye naye alicheka, akidhani tumempokea. Nilimwiga anavyotembea, nikamwiga anavyosema “Mama Glasiyé”, na siku alipojifundisha kupika sombe akaniletea nionje, nilitafuna mbele ya wateja, nikatema kwenye karatasi.

“Iko na mchanga,” nikasema.

Haikuwa na mchanga. Ilikuwa na pilipili kidogo kuliko yangu, lakini ilikuwa nzuri. Alichukua bakuli lake kwa mikono miwili, akasema atajaribu tena. Marcelline, mwenye saluni, aliniambia baadaye kwamba mdomo wangu siku moja utanipeleka motoni. Nikamwambia nitakuta wengi ninaowajua.

Walioana mwanzoni mwa 2012, kama ile ni kuoana. Mtawa wao wa Kibudha alikuwa anapita Durban. Wakakusanyika kwenye nyumba ya kuchua viungo siku ya mapumziko, wanawake wenzake wakawafunga nyuzi nyeupe mikononi, mmoja mmoja, kila anayefunga anasema neno la baraka. Baudouin alituma mahari kwa mama mkwe wake huko Udon, Thailand, na akamwona kwenye simu analia kwa furaha. Kisha akaja saluni kunionyesha mkono wake.

“Mama Gracieuse, nimeoa.”

Niliangalia uzi. Ulikuwa uzi tu, wa kushonea magunia.

“Kwa pasteur gani?”

“Kwa mutu yabo wa Mungu.”

“Ule mwenye kuvaa shuka?”

“Nilidhani utafurahi,” akasema, na wallahi hakuwa anatania. Kwake mimi nilikuwa kama dada. Mtu mwema anaweza kuwa mjinga hivyo. Nilirudi kwa mteja wangu nikamvuta nywele hadi akapiga kelele.

Sasa shida. Kibali cha Nok kilikuwa kimefungwa na ile nyumba ya Morningside, na mwenye nyumba alikuwa anauza aende kwa watoto wake ng’ambo. Nyumba ikiuzwa, kibali kinakufa, Nok anapanda ndege. Njia pekee ilikuwa aingie kwenye faili kama mke wa Baudouin. Wakaenda kwa Apollinaire, Mrundi mmoja wa Cato Manor anayejaza watu karatasi na kujiita avoka, yaani wakili, ingawa shule yake aliiacha porini. Apollinaire akawaambia wasikimbilie Home Affairs, wizara yenye faili zetu, mikono mitupu. Waonekane kwanza ni nyumba moja: mkataba wa pango wenye majina mawili, na akaunti ya benki yenye majina mawili. Akaunti ndiyo wanayoitazama sana, alisema, maana watu wanaodanganyana hawaweki pesa pamoja.

“Na jina la Mama Gracieuse kwenye faili?” Baudouin alimuuliza.

“Benki ni benki,” alijibu Apollinaire. “Home Affairs ni Home Affairs. Batu ya benki banaangalia pesa tu.”

Wote watatu waliamini hivyo. Na mimi ningeulizwa siku hiyo ningesema vile vile.

Wakaenda benki moja ya West Street. Aliyewapokea aliitwa Miss Perumal, mama wa makamo, Mhindi, miwani imening’inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa mpole sana. Upole wake ndio uliotumaliza. Aliwaambia kwamba katika benki yao akaunti ya pamoja ni ya mume na mke, na kwa kuwa Baudouin ni mkimbizi asiye na cheti cha ndoa, watatuma namba ya karatasi yake Home Affairs ikahakikiwe. Nok akaomba jambo moja: pesa isitoke mpaka wote wawili watie sahihi. Dada yake huko kwao aliwahi kuachwa na mume na kitabu cha benki kitupu. Miss Perumal akasema huo ni uamuzi wa busara, akaandika.

Majibu yalirudi. Miss Perumal akampigia Baudouin simu. Kompyuta inasema una mke, bwana, na jina lake si hili. Kama mmeachana, njoo naye, aseme mwenyewe mbele yangu na kuapa kwenye karatasi, nami nitapeleka Home Affairs warekebishe. Halafu tutafungua.

Ndiyo maana Baudouin alikuja saluni siku hiyo amevaa sura ya msiba. Nilikuwa namsuka mtu rasta. Akavuta kiti akakaa karibu nami, karibu kuliko alivyowahi kukaa.

“Mama Gracieuse, nakuomba kitu kimoya tu. Uende na sisi benki, uambie ule mama kama mi na weye tuliachana.”

“Tuliachana lini?”

“Unajua mwenyewe vile iko.”

“Sijui. Nieleze. Tuliachana lini, na tulioana lini?”

“Usinitese, ndugu yangu. Nok atarudishwa kwabo. Miezi kidogo tu imebaki.”

“Na mimi nikisema tumeachana, jina yangu itabaki kwenye faili?”

Akatazama mlango. Mteja wangu alikaa kichwa kimeinama, masikio yamesimama.

“Na Gracieuse?” nikamuuliza.

“Gracieuse atapata yake,” alisema. “Weye uko débrouillarde, Mama Gracieuse. Haukosi njia.”

Atapata yake. Mtoto anayeitwa kwa jina la ukoo wake, aliyetiliwa sahihi na yeye kila mwaka shuleni, aliyemchorea kadi ya Siku ya Akina Baba naye akaibandika dukani juu ya mashine ya kuchomea waya. Atapata yake, kama mtu anayezungumzia zamu ya kinyozi.

Nikueleze atapata nini. Nikisema tumeachana, mimi na Gracieuse tunatoka kwenye faili, tunakuwa watu waliofika jana. Nitaulizwa upya nilitoka wapi na kwa nini. Nikisema kweli, wataniuliza kwa nini miaka yote nilijiita mke wa mtu. Nikidanganya, nianze kuutunga uongo mpya na Kiingereza changu hiki. Na Gracieuse anaongea Kizulu na wenzake barabarani kuliko Kiswahili na mimi. Bukavu hajui hata ipo upande gani wa ramani. Shule inadai karatasi kila Januari. Angeikosa, angekaa saluni kufagia nywele za watu. Hayo ndiyo aliyokuwa ananiomba, na aliyaomba kwa sauti laini.

Nilifunga rasta niliyokuwa nayo mkononi. “Nitakuja,” nikasema.

Alinishika mikono yote miwili, ina mafuta ya nywele, akaibusu. Sikumwambia nitakuja kusema nini. Hakuuliza.

Usiku sikulala vizuri, lakini nisikudanganye kwamba nililia. Nilipiga pasi gauni langu la kitenge cha kijani, lile la kurefushia karatasi.

Asubuhi niliwakuta nje ya benki. Nok alikuwa amevaa sketi ya hariri ya kwao, ya rangi ya zambarau, na nywele amezibana kwa kibanio cha dhahabu ya uongo. Alikuwa amejipamba kama bibi harusi, maana kwake hii ndiyo ilikuwa harusi yenyewe, ile yenye karatasi. Kwapani alikuwa na mfuko wa kitambaa. Aliponiona aliunganisha viganja, akainama chini kabisa kuliko siku zote.

“Asante, Mama Glasiyé. Asante sana sana.”

Akatoa kichupa kwenye mfuko, mafuta ya njano ya kuchulia, akanipa kwa mikono miwili. Kwa mgongo, alisema. Siku moja saluni, tukimcheka, nilikuwa nimelalamika kwamba mgongo unaniua kwa kusimama. Alikumbuka. Nilikitupia kichupa ndani ya mkoba wangu na nikamchukia zaidi, maana ni vigumu kumfanyia mtu ubaya akiwa amekushikia zawadi.

Miss Perumal alikuwa na viti viwili tu mbele ya meza. Akataka kuita kiti cha tatu, lakini nilikuwa nimeshakaa, na Baudouin akakaa kwenye kile kilichobaki. Nok akabaki amesimama nyuma yetu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa kabla hata ya neno la kwanza.

“Haya,” alisema Miss Perumal kwa Kiingereza, taratibu, akavaa miwani. Alisoma jina langu kwenye skrini, lote, pamoja na la kati ambalo hata mama yangu hakulitumia. “Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Nimeelewa kwamba kuna jambo la kurekebisha. Hatuna haraka, mama. Wewe na huyu bwana ni mume na mke, au mmeachana?”

Nilisikia hariri ya Nok nyuma yangu ikisugua kiti.

“Huyu ni mume wangu,” nikasema. “Hatujaachana.”

Baudouin aligeuza kichwa polepole. Sikumtazama. Nilimtazama Miss Perumal, naye alikuwa ametoa miwani.

“Samahani,” alisema. “Siku ile bwana alikuja na huyu dada. Nilidhani... Huyu dada ni nani kwenu?”

Hapo ningeweza kusema lolote. Ningesema ni rafiki, ni mpangaji, sijui. Lakini nilikuwa nimengoja tangu 2004, na nilitaka litoke kinywani kwake, si kinywani kwangu.

“Muulize mume wangu,” nikasema.

Sasa mweke Baudouin pale kwenye kiti. Akisema Nok ndiye mke wake, basi mimi ni mwongo. Nikiwa mwongo, naye ni mwongo, kwa sababu ni yeye aliyeniapia dirishani, na kila baada ya miaka miwili ameapa tena, amenyoa ndevu na kufunga tai. Karatasi yake inachukuliwa. Mkimbizi aliyedanganya anajua mwisho wake, na Baudouin aliyaacha kwao Uvira mambo ambayo hata mimi hakunisimulia. Alilijua hilo. Nililijua hilo. Ilikuwa imeandaliwa vizuri kama kuku wa Krismasi, na mpishi nilikuwa mimi.

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha nikaona mkono wake wa kulia unaenda taratibu kwenye ule wa kushoto, unavuta mkono wa shati chini, unafunika uzi.

“She is working for us,” alisema. “In the house.”

Kiingereza kidogo kama hicho Nok alikielewa. Aliishi kwa kidogo kama hicho.

Nilingoja apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa hata nimepanga uso nitakaouvaa, uso wa mama mwenye nyumba aliyechoshwa na wasichana. Apige kelele, aonyeshe picha za simu, aseme huyu ni mume wangu, nyuzi hizi hapa, mama yangu amepokea mahari. Angesema maneno mawili tu, Baudouin angekwisha, na mimi naye.

Hakupiga kelele. Nilipogeuka alikuwa anamtazama Baudouin kisogoni, pale kola ilipolowa. Alimtazama vile, akaelewa, sijui ni nini hasa alichoelewa, lakini akaunganisha mikono yake mbele ya sketi na kushusha macho, na palepale, mbele yetu, akawa mfanyakazi wa ndani.

“Yes, madam,” alimwambia Miss Perumal. “I work for them.”

Miss Perumal alicheka kwa kuona haya. “Jamani, nisameheni! Nilichanganya mambo kabisa. Na wewe bwana, kwa nini hukuniambia siku ile?” Baudouin alivuta tena mkono wa shati. “Haidhuru. Basi hatuna cha kurekebisha. Mume yupo, mke yupo. Tunaweza kufungua sasa hivi.”

Na tukafungua. Ungetaka tufanye nini, tuseme hatutaki? Tungekataa, angeanza kuuliza. Nilitia sahihi, Baudouin akatia yake, ikatoka vibaya, akaombwa arudie. Sahihi zote mbili ndipo pesa itoke. Sharti lilikuwa limeshaandikwa tangu siku ya kwanza, na Miss Perumal hakuona sababu ya kulifuta.

“Mna pesa ya kuanzia?”

Baudouin hakusogea. Mimi sikuwa nayo. Pesa ilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa, bakshishi za miaka ya shingo na migongo ya watu, na mwenye mfuko alikuwa amesimama.

Nok akasogea mbele. Alitoa burungutu lililofungwa kwa mpira wa nywele, akaliweka mezani kwa mikono miwili, ameinama, kama mtu aliyetumwa na tajiri wake kubeba. Hakulitupa, wala hakuliweka kwa hasira. Alijua kwamba asipolitoa, swali lingine litaulizwa, na jibu la hilo lingemwangukia Baudouin. Alimlinda kwa pesa yake mwenyewe dakika ileile aliyokanwa. Nilimwona na nikaona wivu. Mimi nisingefanya hivyo. Kwa mwanaume yeyote.

Miss Perumal akapokea, akanitazama mimi kwa tabasamu.

“Una bahati, mama,” alisema. “Wasichana waaminifu siku hizi hawapatikani.”

Nilisema asante.

Tulipoinuka, mkoba wangu ulibaki kwenye kiti. Nok aliuchukua. Sikumwambia. Aliutundika mkononi mwake, akatutangulia mlangoni, akaushikilia mlango wazi, sisi tukapita, mume na mke. Akatufuata kwa nyuma, hatua chache, kama wafuatavyo wafanyakazi wa ndani. Mlinzi wa mlangoni aliniambia siku njema, bibie. Tukatembea hivyo West Street nzima, katikati ya watu, na hakuna aliyegeuka kutazama, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutazama.

Kwenye robot, zile taa za barabarani, tulisimama. Hapo Baudouin akageuka, akaanza kusema, “Nok, chérie, sikiliza...” Nok hakusikiliza. Alimshika mkono wa kushoto, akapandisha shati, akaanza kuufungua uzi. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji na sabuni. Hakulikata wala hakulivuta. Alilifungua kwa kucha, taratibu. Robot ikawaka kijani, watu wakatusukuma wakavuka, ikawaka nyekundu, na bado alikuwa anafungua. Baudouin alisimama anatoa machozi kama mtoto anayepigwa sindano. Ulipofunguka aliuviringa kidoleni, akautia kwenye mfuko wake mtupu.

Kisha akanigeukia. Akanipa mkoba wangu kwa mikono miwili.

“Mkoba yako, Madame,” akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili chetu, alichojifundisha kwenye kiti cha saluni yetu huku tunamcheka. Akapungia teksi ya kwenda Morningside, akapanda.

Baudouin alienda Morningside siku ile na siku nyingi zilizofuata. Wenzake walimwambia hayupo. Wale wanawake waliomfunga nyuzi walisimama mlangoni, kando ya ile chemchemi, wakamwambia hayupo, na yeye akiona viatu vyake vidogo barazani. Nyumba ikauzwa, kibali kikafa, Nok akaenda kwao. Apollinaire alisema angalikuwepo mtu wa kumshauri Baudouin vizuri mambo yasingefika pale. Nilimtupia chanuo.

Mimi nilimwambia Baudouin twende benki tutie sahihi, amtumie msichana pesa zake. Nilimwambia kwa simu, nikamwambia kwa ujumbe, nikamtuma Marcelline. Hakujibu. Alinipita barabarani kama unavyoipita nguzo ya umeme. Bila sahihi yake pesa haitoki, na bila yangu haitoki, basi imekaa, na kila mwisho wa mwaka benki inatutumia kalenda yenye picha za wanyama, kwa Bwana na Bibi. Watu wanasema nimekula pesa ya Mthai. Sijala hata senti. Mafuta yake ya mgongo ndiyo niliyatumia mpaka yakaisha. Yalikuwa mazuri, na sioni sababu ya kudanganya.

Kadi ya Siku ya Akina Baba aliibandua dukani. Gracieuse aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ukuta ulipakwa rangi.

Mwaka 2014 karatasi zilikaribia kuisha. Niliogopa hatakuja. Nilivaa kitenge changu cha kijani, nikamsuka Gracieuse, tukasimama nje ya ofisi tangu alfajiri. Akaja. Amenyoa ndevu, amefunga tai, shati limepigwa pasi. Alisimama kando yangu kwenye foleni bila salamu, na mkono wake wa kushoto aliuweka mfukoni muda wote.

Dirishani kulikuwa na afisa kijana, mgeni kazini, anafuata kila swali kwa kidole. Akatutazama sote watatu.

“Huyu ni mke wako?”

Baudouin alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu benki. Alinitazama usoni, hakuharakisha, ili nione vizuri kwamba hakuna kilichobaki mle ndani kwa ajili yangu, hata ile heshima.

“Ndiyo,” akasema, kwa sauti ileile ya 2004, ya kusikika. “Huyu ni mke wangu. Na huyu ni mtoto wetu.”

Kijana aligonga mihuri. Akatupa karatasi zetu, zikiwa bado na joto la mashine, akatabasamu.

“Zikikaribia kuisha, mje tena pamoja,” alisema.

Baudouin alichukua yake, akatoka. Gracieuse alimkimbilia hadi mlangoni, akaita, “Papa!” Hakugeuka. Aliporudi akanishika kitenge, akaniuliza kama papa iko na haraka. Nikamwambia ndiyo, anawahi kazini, na nikaikunja karatasi yetu vizuri, nikaitia kwenye mkoba.